Ndoano ya Phinées

Jirani yangu Kakule Phinées, fundi wa pikipiki hapa Mususa mjini Butembo, alikuwa na tabia ya kunusa chai kabla ya kuinywa. Tena si chai ya hotelini. Ni chai ya Agar, mke aliyeishi naye miaka kumi na tisa, shemasi wa kanisa letu, mama ambaye mimi ningemwachia hata watoto wangu. Ukimpa Phinées kiti, alikitikisa kwanza. Ukimsalimu asubuhi, alitaka kujua kwa nini umemsalimu mapema hivyo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea watu wa kila aina, lakini huyu alinichosha.

Hata hivyo sitamwonea. Vita vilimpa sababu. Mwaka 1999 mtu mmoja alikwenda kwa askari akasema Phinées anatengeneza pikipiki za wapiganaji wa Mai-Mai. Walimchapa fimbo hadi akashindwa kukaa kwa wiki mbili. Hakujua ni nani aliyemsema. Angeweza kuwa mteja, angeweza kuwa mwimbaji wa kwaya, angeweza kuwa mimi. Tangu hapo alikata shauri kwamba ni sisi sote.

Vyombo vyake alivifungia katika kisanduku cha chuma, na ufunguo aliuvaa shingoni. Agar alimpa amri moja: mtu yeyote akija na kusema, "Nimetumwa na Phinées," asipewe kitu, hata maji, mpaka aonyeshe ufunguo ule. Agar alicheka, lakini alitii.

Mwaka 2002 shirika moja la chanjo lilimwita Mavivi, kule kwenye uwanja wa ndege wa Beni. Walitaka kutangaza siku ya chanjo ya watoto, na barabara hazikuwa salama, betri za redio zilikuwa adimu, tena watu wengi walikuwa wamehamia mashambani. Basi wakaamua kuandika angani. Akina mama wa kanisa walishona kitambaa kirefu chenye herufi nyekundu za kimo cha mtu: CHANJO IJUMAA. Kidege cha mzee Éphraïm, rubani aliyebeba wanunuzi wa kahawa tangu zamani, kingekikokota kwa kamba kutoka Mavivi, juu ya Oicha, hadi Butembo. Kule Butembo Éphraïm angevuta mkono wa chuma ulio karibu na kiti chake, ndoano ya mkiani ingefunguka, na kitambaa kingeanguka uwanjani ili kikatundikwe sokoni. Kazi ya Phinées ilikuwa kutengeneza ndoano hiyo, pamoja na waya wa kuifungulia uliopita ndani ya mpira mrefu hadi mkiani.

Mavivi alikuta fundi mwingine, Sadrack, mwenyeji wa Oicha, mtu wa maneno machache na mikono safi. Mikono safi ya fundi ilimtia Phinées wasiwasi siku ile ile.

Waya ulihitaji grisi. Sadrack alimletea kopo.

"Papa Phinées, kamata hii graisse. Iko ya muzuri, njo tunatumikisha siku zote."

Phinées aliifungua, akainusa, akaisugua kati ya vidole. Aliona kama kuna mchanga. Nilipomuuliza baadaye kama mchanga ulikuwapo kweli, aliniuliza nani amenituma kuuliza. Siku ile alimrudishia Sadrack kopo, akatoa mfukoni kichupa cha mawese kutoka jiko la Agar. Hicho ndicho kitu pekee Mavivi nzima alichojua kimepita mikono ya nani. Aliyamimina ndani ya mpira ule mpaka ukajaa, akapaka ndoano pia. Akavuta mkono. Ndoano ikafunguka, ta! Akavuta mara ishirini, na mara ishirini ikafunguka.

Jumatano asubuhi Éphraïm aliruka. Watu wa Oicha walipoona ndege yenye mkia mrefu, nusu walisoma na nusu walikimbilia kwenye mashamba ya kakao, maana ndege miaka ile haikuleta habari njema. Phinées alikaa karibu na fonia ya uwanja, ile redio ya kuongea na rubani. Mlinzi mwenye bunduki alisimama nyuma yake.

Ilipotimia saa tatu na nusu, sauti ya mzee ikaingia.

"Phinées, Phinées. Niko juu ya Butembo. Minavuta, ndoano inakataa."

"Vuta tena, Papa! Vuta na nguvu!"

"Niko navuta na mikono mbili. Iko ngumu sawa vile kuko mutu anaikamata kule nyuma."

Phinées alimwambia apunguze mwendo, autikise mkia kushoto na kulia, avute wakati ule ule. Éphraïm alizunguka mji mara nne akifanya hivyo. Watu wa Butembo tulisimama barabarani tukihesabu. Mimi niliwaambia wanafunzi wangu kwamba rubani anataka tusome vizuri, Mungu anisamehe. Kutua hapa kwetu hakukuwezekana: uwanja ni mfupi, nyumba ziko karibu, na kitambaa kingenasa mabati na kuiangusha ndege kwa mkia.

"Phinées, mafuta ya moteri inapunguka. Narudi nayo Mavivi. Toa batu na mbuzi kwenye piste."

Alirudi. Alikuja juu kuliko kawaida ili kitambaa kisiguse michikichi iliyo mwanzo wa uwanja. Alipoivuka alizima injini, akashuka kwa kasi ya kutisha. Herufi zilifika chini kwanza, vumbi likapanda, mkia ukavutwa nyuma, magurudumu yakagonga, yakaruka, yakagonga tena. Ndege ikasimama. Éphraïm akateremka, akatembea hadi kwenye majani, akatapika.

Sadrack ndiye aliyekimbia wa kwanza hadi mkiani. Phinées aliona hilo, akaliweka moyoni.

Komanda wa askari waliolinda uwanja hakuwa na haraka. Alimaliza chakula chake, akafika baada ya saa nzima, jua la Mavivi likiwa limeichoma ndege hadi huwezi kuigusa. Akaingia mwenyewe, akavuta mkono. Ta! Ndoano ikafunguka. Akavuta tena. Ta!

Alitoka akitabasamu, na tabasamu lile lilimtisha Phinées kuliko bunduki.

"Mzee, *yaka awa*, kuya hapa. Unasema ndoano ilikataa. Mais njo hii inafunguka! Donc juu ya nini ulizunguka Butembo mara ine? Ulikuwa unaonyesha nani njia?"

Na hapo Phinées, ambaye alimpenda yule mzee na alitaka kweli kumwokoa, akasema kile alichokuwa amekiweka moyoni.

"Mon commandant, Papa Éphraïm hapana na kosa. Kuko mutu aliharibu na akatengeneza mbiyo-mbiyo. Sadrack njo alifika ku mukia wa kwanza."

"Phinées!" Sadrack alisema. "Mi nilikimbia kuona kama kuko moto! We unanijua!"

"Mi hapana jua mutu," Phinées akajibu.

Sadrack akafungiwa ndani ya kontena la chuma kando ya uwanja. Jumamosi gari lingempeleka makao makuu, na waliopelekwa huko na gari la Jumamosi hatukuwaona tena. Éphraïm akaachiwa. Phinées akapanda pikipiki, akarudi Butembo, akalala usingizi mzuri. Hilo amenieleza mwenyewe, na analichukia kuliko yote.

Alhamisi asubuhi kulikuwa na baridi yetu ya kawaida, ukungu hadi mlangoni. Agar alikuwa jikoni akipika majani ya muhogo.

"Papa Shekinah," alimwita, kwa jina la binti yao mkubwa, "nisogezee ile chupa karibu na mbabula. Mawese imeganda, na sombe inangoja."

Phinées aliinyanyua chupa aiweke karibu na makaa ya jiko. Akaipindua. Mafuta hayakutikisika. Yalikaa ndani yakiwa mazito, ya rangi ya chungwa, kama sabuni.

Hakuna mtoto wa Butembo asiyejua hilo. Mawese yanapanda kutoka joto la Beni yakiwa maji, na hapa kwenye vilima yanakuwa mawe, kila asubuhi, tangu tuzaliwe. Phinées aliyaona maisha yake yote. Lakini alikuwa ameyapaka Mavivi, kwenye joto, akiwaza mchanga wa Sadrack, na kichwani hamkubaki nafasi ya kuwaza baridi. Kule juu ya vilima, hewani, waya wake uliganda ndani ya mpira. Mavivi, juani, ukayeyuka. Hakuna mtu aliyekamata kitu kule nyuma.

"Eee Nyamuhanga, Mungu wangu," Agar alisema alipomwona ameketi chini. "Uko na nini?"

"Niliua mutu," Phinées akasema.

Hakunusa chai siku ile, hata hakuinywa. Alichukua chupa iliyoganda, akaifunga ndani ya koti, akawasha pikipiki. Kwa njia ile mbovu alifika Mavivi saa nane, akapita walinzi wote, akaiweka chupa juu ya meza ya komanda na kueleza kila kitu bila kujificha.

Komanda aliinua chupa, akaiinamisha. Mawese yakatiririka upande mmoja, yakatiririka upande wa pili. Yalikuwa maji matupu.

"Wapi yenye kuganda?" akauliza. "Jana ulisema ni Sadrack. Leo unasema ni mafuta. Kesho utasema ni nani?"

Phinées alisimama akiitazama chupa. Yeye ambaye hakuwahi kukubali neno la mtu, sasa hakuwa na kingine cha kutoa ila neno. Aliona aibu, na aliogopa sana.

"Nifunge mi," akasema. "Sadrack aende Butembo. Ataleta mafuta yenye kuganda, utaona na macho yako."

"Na kama hapana kurudi?"

"Nitapanda gari ya samedi mi mwenyewe."

Komanda alicheka sana. Kwake ilikuwa sawa, kichwa kimoja kingebaki kwa vyovyote.

Sadrack alitolewa akikunja macho kwa mwanga. Phinées alivua ufunguo shingoni, akamwekea mkononi.

"Enda kwa Mama Shekinah, Mususa. Ukionyesha hii, atakusikia. Mwambie mafuta inayeyuka ku njia, atafute namna."

Sadrack aliutazama ufunguo, akamtazama mwenye ufunguo.

"Na nikikimbia?"

Phinées akaingia kontenani, na mlango ukafungwa.

Ndani alihesabu. Yeye mwenyewe angefanya nini, mtu akimsingizia, kisha akimpa nafasi ya kutoka? Angefika Beni, angeshika njia ya Kasindi, angevuka mpaka wa Uganda kabla ya jua kuchwa. Sadrack ana kaka yake Kasindi, kila mtu Mavivi anajua. Kila alipopiga hesabu hiyo, jibu lilikuwa lile lile.

Ijumaa chanjo ikaanza. Kupitia ukuta wa chuma alisikia akina mama wakipita, watoto wakilia kwa kuogopa matone ya chanjo kabla hata hawajayaonja. Saa sita ikapita. Saa nane ikapita. Chuma kikawa moto. Saa kumi alivua viatu vyake, akavipanga vizuri karibu na mlango, ili Agar akija avipate. Alilia, na hakujali mlinzi akimsikia.

Kisha akasikia pikipiki.

Walimtoa aone. Sadrack, mwekundu kwa vumbi, alikuwa ameweka juu ya meza ya komanda thermos ya chai yenye maua, ile ambayo Agar huwatolea wageni wa kanisa. Agar ndiye aliyeipata namna: usiku aliiacha nje wazi ipoe, alfajiri akaijaza mawese yaliyoganda na kuifunga. Kinachotunza moto, alimwambia Sadrack, kinatunza baridi.

Komanda alifungua kifuniko, akachomeka kijiko. Kikasimama wima. Tulio na umri wetu tunajua jinsi askari wanavyonyamaza wanapogundua wamekosea; walinyamaza hivyo. Walikitazama kijiko mpaka joto la Mavivi likaingia mle ndani, kikaanza kuinama polepole, kikalala.

"Ondokeni na thermos yenu," komanda akasema. "Bote wawili."

Nje, kando ya barabara, Phinées alitaka kusema mengi, likatoka moja tu la Kinande: "Wasingya." Asante.

Sadrack alimrudishia ufunguo.

"Hapana kuniambia wasingya. Jana nilifika ku rond-point ya Beni, kwenye njia zinaachana, ya Kasindi iko kushoto. Nilisimama pale saa nzima. Njo nikajiuliza: Phinées angefanya je?" Akapiga pikipiki yake teke, ikawaka. "Nikajua: angekata kushoto. Njo nikakamata njia ya Butembo."

Phinées amenisimulia habari hii mara tatu. Najua ni kwa nini: anapima kama nitaisimulia kwa wengine nikiwa nimeongeza kitu. Sijaongeza. Kila mara akifika kwenye maneno hayo ya Sadrack anajipapasa shingoni, pale ulipokuwa ufunguo, na mimi najifanya ninatafuta chaki mfukoni.

Chai bado anainusa. Lakini kisanduku hakifungwi tena, na ufunguo Agar ameutundika jikoni, juu ya mawese. Siku za soko Sadrack hupita Mususa na pikipiki yake, na Phinées akiisikia huacha kazi, akasimama mlangoni. Sadrack humpungia mkono, kwa adabu. Hajawahi kusimama.