Kufuta Uso wa Baba Kamau

Siku yangu ya kwanza kazini niliondolewa mezani asubuhi ileile. Ilikuwa karakana ya kuchapa picha kwa mabamba ya shaba, huko Industrial Area, eneo la viwanda, nami nilikuwa nimetembea kutoka mtaa wa Kaloleni. Foremani, msimamizi wetu, alinipa bamba lililochongwa, akaniambia nilipake wino, kisha nilifute. Nililifuta hadi likang'aa kama sufuria mpya.

"Dada, hapa hatuoshi vyombo," alisema. "Umetoa hata wino uliokuwa ndani ya mistari. Sasa karatasi itachukua nini?"

Ndivyo nilivyofunzwa. Wino mzito husukumwa uingie kwenye michoro, halafu uso wa bamba hufutwa kwa shashi, kitambaa chepesi chenye matundu, iliyokunjwa na kukazwa, mkono ukizunguka bila kuchimba. Mwisho hutumika kiganja kilichopakwa chaki. Ukifuta sana, picha hutoka nyeupe, kavu. Ukiacha utando mwembamba wa wino, unapata kijivu, na hicho ndicho kivuli. Tatizo ni kwamba kosa hulioni hadi karatasi ibanduliwe kwenye bamba, baada ya viwili hivyo kubanwa pamoja mashineni.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini Foremani alilazwa hospitalini, nikashika meza yake. Meneja mpya alipenda kazi safi. "Wino uliobaki ni uchafu," alizoea kusema.

Wakati huo ndipo alipokuja Mama Kamau, mjane wa mtaa wa Jericho. Mchongaji wetu alikuwa amehamishia kwenye shaba uso wa marehemu mumewe, kutoka picha ya kitambulisho. Nilifuta alivyotaka Meneja. Mama Kamau akaitazama karatasi, akanirudishia.

"Huyu ni nani?"

"Ni mzee wako, mama."

"Mbona mmemtoa uchovu? Alikesha kwenye tanuri la kuyeyushia chuma miaka yote. Alikuwa na giza hapa." Akajigusa chini ya macho.

Niliingiwa na hofu. Mchongaji alikuwa ameonya kwamba mistari ya macho ilikuwa myembamba, na kila uchapaji uliila. Tukikosea tena, huenda uso wenyewe ungepotea. Nikapaka wino upya. Paji la uso nikalifuta likawa jeupe. Mashavuni nikalegeza mkono. Chini ya macho sikugusa.

"Hujamaliza," Meneja alisema nyuma yangu.

"Nimemaliza, bwana." Nikalifunika bamba kwa karatasi, nikalisukuma mashineni.

Karatasi ilipobanduliwa, Mama Kamau aliisogeza karibu na macho. Kisha akaiambia picha, polepole, "Baba Kamau, mbona hujala?"

Meneja akarudi ofisini kwake.

Nilistaafu viganja vikiwa vimepasuka, na weusi chini ya kucha usiotoka kwa sabuni yoyote. Vijana huniuliza nilijuaje mahali pa kuacha kufuta. Wanataka kanuni, nami sina ya kuwapa. Kila bamba, hata lile la mwisho, nililisukuma mashineni nikiwa sina hakika, nikasubiri karatasi ibanduliwe.