Chumba cha Dada

Ngedere wa kule Kipatimu walikuwa hawamwogopi mwanamke. Mama apige debe mpaka mkono umuume, wao wanaendelea kuvunja mahindi. Akitokea mjomba, shamba zima kimya. Alikuwa mfupi tu, sijui walimwona nini. Basi shule nikaiacha mapema, nikawa mtu wa kumfuata mjomba, hata alipohamia Lindi mjini, pale Mtanda, akajenga nyumba. Hakuzaa. Alipofariki ukoo ukasema nyumba ya mjomba ni ya mpwa, ndivyo tulivyozoea, nikaingia na mke wangu. Karatasi hakuna aliyeiuliza.

Sasa dada yangu mkubwa amepooza miguu, nimemleta kwangu. Vyumba vimejaa wajukuu, kwa hiyo analala ukumbini, wapitao wanamruka. Kubadilisha kanga mpaka wanaume watoke. Mwanamke aliyenibeba mgongoni! Nikasema nitamwongezea chumba ubavuni mwa nyumba, na choo chake. Fundi kachimba msingi, mtendaji wa mtaa akapita: hakuna kibali, simamisha.

Nikaenda ofisi ya manispaa na ramani ya chumba, kuomba kibali.

"Shikamoo babu," akasema binti wa mapokezi.

"Marahaba, mchumba."

Foleni ikacheka, naye akacheka. "Hati ina jina la nani?"

"La mjomba."

"Basi aje mwenyewe."

"Akija huyo, mimi na wewe tutagombea mlango. Tumemzika zamani."

"Na watoto wake?"

"Ndio sisi, wapwa."

"Babu, hapa mpwa si mtoto. Nenda mahakamani ukathibitishwe msimamizi wa mirathi. Nao watataka muhtasari wa kikao cha ukoo, wote wamesaini."

Nikawaita. Pilau wakala. Kisha mtoto wa mama mdogo akafuta mdomo: "Tukisaini leo, kesho utatuambia nyumba yako peke yako. Hii yetu sote." Miaka yote walinyamaza, nilipouliza ndiyo ikawa ya wote. Hakusaini mtu.

Dada alisikia kila neno. Yuko hapohapo ukumbini, ataenda wapi?

"Mdogo wangu, acha," akaniambia. "Kurukwa nimeshazoea."

Nikarudi ofisini, nikamweleza binti kwamba ndugu wamekataa. Binti akaniambia bila saini haiwezekani, lakini nikae, mkubwa wake akitoka kikaoni atanisikiliza. Nikakaa kwenye benchi. Nje mvua ilikuwa inanyesha, nikauwaza ule msingi unavyojaa maji. Nikainuka.

"Babu, unakwenda wapi? Ramani yako hii!"

Nikatoka hivyohivyo na mvua, ramani nikamwachia. Pale sijakanyaga tena, na dada bado analala ukumbini.