Uji wa Mkaza Mwana

Miaka ile ya sabini nilirudi kutoka ng'ambo na shahada ya juu kabisa, nikapewa mkataba wa miaka miwili chini ya profesa aliyetaka kujua kwa nini watu wetu wa milimani wanashikwa sana na kansa ya koo. Kazi yangu ilikuwa kukaa hospitalini Nyeri, kuomba wagonjwa kipande cha uvimbe, kukitazama kwa darubini, kisha kukipeleka maabara Nairobi. Kichwa kilikuwa kimenivimba. Koti jeupe nililivaa hata nikienda kununua ndizi sokoni.

Ndipo akaja mama mmoja wa Othaya, mkulima wa chai, ambaye hata viazi vya kupondwa vilikuwa haviteremki. Nilimweleza kwamba kipande hicho hakitamponya yeye, labda kitasaidia wengine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema atanipa, lakini na yeye ana lake.

Huko nyumbani watu walikuwa wakisema mke wa kijana wake alimtilia kitu kwenye uji. Huyo msichana ndiye aliyempikia, na koo lilianza kukataa chakula mwaka uleule alioolewa. Basi kwao ushahidi ukawa umetosha. Mzee wake huyo mama alikuwa ameanza kusema msichana arudi kwao Mweiga.

"Wewe umesoma," akaniambia. "Kuja nyumbani uwaambie ni ugonjwa tu. Mimi nikisema, wanasema amenifunga akili."

Nikamwahidi. Nilimshika mkono kabisa.

Siku ya nne nilikiona kipande chake chini ya darubini. Kansa, haikuwa na shaka hata chembe. Madaktari wa wodi waliandika yao kwa Kiingereza kwenye faili, na familia ikaambiwa koo limeziba. Maneno mengine nilikuwa nimejitwika mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ningekuwa mtu, ningeenda kesho yake. Lakini nilijiambia: wataniuliza, kama si uji, ni nini basi? Hilo sikulijua, ndilo tulilokuwa tukilitafuta. Sikutaka wazee wa Othaya wanisikie nikisema sijui. Profesa alikuwa ametuonya tusitangaze chanzo chochote kabla hakijathibitika, nami nikajificha nyuma ya onyo hilo. Ebo! Nani aliniuliza chanzo? Mama wa watu aliniomba neno moja tu, nami nilikuwa nalo.

Mvua zikaja, nikasema barabara ina matope. Mvua zikaisha, nikawa ninaandika makala yangu, na kipande chake kimo ndani. Kila alipokuja kupanuliwa koo aliniuliza nitaenda lini, nami nikamwambia, "Bado kidogo, mama." Alikuwa akijibu sawa, mwanangu. Mara ya mwisho hakuniuliza kitu. Aibu ya siku ile ninayo mpaka leo, na bado haikunitoa Nyeri.

Nilifika kwake wiki mbili baada ya mazishi, nimebeba sukari na mkate. Mzee alinipokea vizuri, akanitafutia kiti, akaagiza chai. Nikaeleza yote: ilikuwa kansa, si sumu, si mkono wa mtu. Mzee akaniambia kwamba msichana walishamrudisha Mweiga akiwa na mimba, na huko nako wakamkataa kwa sababu habari za uji zilimtangulia. Alikokwenda baada ya hapo hakuna aliyejua.

Kijana wake, mume wa huyo msichana, alikuwa ameketi karibu na mlango. Sasa akaniuliza nilijua lini.

Ningeweza kudanganya. Hakuwa na njia ya kunikamata. Nikasema nilijua siku ya nne baada ya kumkata mama yake kile kipande.

"Hiyo ni kabla ya Krismasi ama baada?"

"Kabla."

"Sisi tulimfukuza Pasaka," akasema.

Nilingoja anitukane. Haki ya Mungu, ningemshukuru. Aliinuka tu akatoka nje, na mzee akachukua birika akaniuliza kama aniongezee chai.