Uzi Mwekundu Ndani ya Kola

Mimi na Doto tumepakana ukuta mwaka wa kumi na tisa huu. Yeye dobi, mimi fundi cherehani, na baraza letu ni moja: upande huu cherehani yangu, upande ule meza yake ya kupigia pasi. Nguo ninayoishona leo, wiki ijayo inapita kwake, kwa hiyo hapa mtaani hakuna mtu ambaye sisi wawili hatujui kiuno chake na madoa yake. Ukitaka siri za watu, usihangaike na majirani, nenda kwa dobi. Ila Doto hakuwa na mdomo huo. Mdomo ni wangu, nakiri mapema, asije mtu akasema nimejificha.

Doto hakuandika majina ya wateja. Kila mteja alikuwa na alama yake ya uzi ndani ya kola: nukta mbili nyeusi, msalaba wa kijani, mstari wa njano. Sura hazikumkaa kichwani hata kidogo. Unaweza kumsalimia, ukamuuliza habari za kazi, ukalalamikia jua na mvua, yeye anakuitikia kwa adabu tu, mpaka aione kola ndipo uso unamfunguka: "Ahaa, kumbe ni wewe." Nilimtania kwamba akioa itabidi mke naye atiwe uzi. Kumbe alishaoa zamani na mke alishaondoka, watoto hawakujaliwa. Nilipojua, utani ule nikaumeza.

Jina lenyewe linakwambia. Hakuna Doto anayezaliwa peke yake. Mbele yake lazima ametangulia Kurwa. Walikuwa shilingi kwa ya pili, hata mama yao, ambaye naye alikuwa dobi, aliwatia uzi kwenye kola ili ajue yupi keshaogeshwa na yupi bado: mwekundu wa Kurwa, wa bluu wa Doto. Mtindo wa Doto ulitoka huko.

Mama huyo alipofariki, Kurwa alifika siku mbili baada ya maziko. Alikuwa mbali, gari likawaharibikia njiani, na sababu zake zote zilikuwa za kweli. Doto hakutaka kusikia. Nilikuwepo, naosha vikombe vya watu waliokuja kutoa pole, nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia nduguye mbele ya watu, "Kuanzia leo mimi nimezaliwa peke yangu." Kurwa hata hakukaa. Aliokota mfuko wake mlangoni akaenda zake, na tangu siku hiyo hapakuwa na simu wala salamu kwa miaka tisa. Hasira hasara, tunasema hivyo kila siku na tunakasirika vilevile.

Kisha zikaja kamera. Walizifunga kwenye lango la soko, mbili juu na moja ya kukutazama usawa wa macho, wakapita na kipaza sauti kutuambia kwamba sasa kila sura itatambuliwa, mwizi hana pa kujificha, raia mwema asiwe na wasiwasi. Haya. Vibaka walipungua kweli, sitasema uongo. Lakini na sisi raia wema tukaanza kutembea vingine. Zamani tulionyana kwamba ukuta una masikio. Sasa umeota na macho, tena yasiyopepesa. Watu wakawa wanateta kwa kunong'ona hata nyumbani kwao. Mimi nililetewa oda za kofia za ukingo mpana, nikazishona kwa miezi miwili bila kupumzika, mpaka likatoka tangazo kwamba langoni kila mtu avue kofia. Nyingine hazikufuatwa mpaka leo, zinanijazia rafu bure.

Doto alikuwa akipeleka mashuka kwenye nyumba ya wageni iliyoko ng'ambo ya soko. Wiki ya kwanza tu ya kamera, taa ya langoni ikamwakia nyekundu. Askari wakamwingiza kwenye kijumba kilicho kando ya lango, wakamkalisha, na kwenye skrini akaiona sura yake mwenyewe, chini yake jina la Kurwa na neno "anatafutwa." Wakambandika vidole kwenye kioo, kimoja kimoja, vyote kumi. Vidole vikakataa: huyu siye. Askari akamuuliza mtu huyu ni nani wako.

Doto aliniambia kwamba mpaka leo hajui kipi kilitangulia kinywani, hasira ya siku ile ya msiba au woga kwamba akisema ni pacha wake watamweka ndani mpaka aseme aliko. Alijibu, "Simjui. Mimi sina ndugu." Askari akaandika hivyo hivyo, Doto akatia sahihi. Kosa la Kurwa hakuambiwa, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Mimi nilidhani limekwisha. Wapi. Ile mashine haikujifunza kitu. Kila Doto akipita, taa nyekundu. Kijumbani, vidole, karatasi, haya nenda mzee. Soko zima linamtazama amebeba mashuka yake kichwani akiongozwa na askari. Wateja wakaanza kupungua. Mke wa mwalimu akaja kuchukua mashati ya mumewe, akasema siku hizi wanafua wenyewe, na alisema huku anatazama viatu vyake. Wengine hawakuja hata kuaga. Lisemwalo lipo, walisema, na wakaongeza kwamba anayesimama karibu naye naye anaandikwa.

Na mimi niseme la kwangu, maana nimewasema wenzangu. Siku moja tulikuwa tunakwenda sokoni pamoja, yeye na mashuka, mimi nafuata vifungo. Tulipolikaribia lango nikakaza mwendo. Nikamtangulia hatua kumi, kumi na tano, kama mtu asiyemjua. Nikasikia nyuma yangu king'ora cha lango kikilia na watu wakisogea pembeni, na sikugeuka. Nilinunua vifungo rangi siyo. Jioni yake alinipigia pasi pazia langu kama kawaida akanikabidhi likiwa bado la moto, wala hakuniuliza kitu. Ninaona haya mpaka sasa.

Nadhani ni kwa haya hiyo ndiyo nikamtafutia njia. Nyuma ya mabucha kuna uchochoro, una harufu lakini hauna kamera, na unatokea palepale kwenye nyumba ya wageni. Nikamwonyesha. Ng'o. Akaendelea kupita langoni. Kibaya zaidi, akawa anakwenda hata siku ambazo hana shuka la kupeleka, na ndevu ameacha ziote, yeye ambaye tangu nimjue hajawahi kukosa wembe. Nikamwambia anafanana na mkimbizi wa mahakama. Hakucheka. Nikakasirika, nikazima mashine, nikamuuliza kama anapenda kuaibishwa.

Akavuta kigoda akaketi. "Fundi," akasema, "kila wakinikamata namwona."

Ndipo akanieleza. Pale kijumbani skrini inamwelekea anayepimwa, na muda wote wanapobandika vidole, Kurwa yupo pale. Tena picha si ileile. Kila kamera ya mji mwingine inapomnasa kabla hajaponyoka, picha inabadilika. Alimwona akiwa na mwavuli. Akamwona ameota ndevu, zenye mvi upande mmoja. Akamwona amekonda. Mtu asiyekumbuka sura hata ya mwenye nyumba wake alinieleza uso ule mkunjo kwa mkunjo, kisha akafika kwenye shati. "Kola imelika, fundi. Imelika mpaka bitana inaonekana, na hakuna aliyeigeuza. Hana mtu wa kumfulia."

Miaka tisa ya kimya, na sasa alikuwa anampata nduguye kwa muda wa vidole kumi. Zile ndevu alizifuga makusudi, alihofia Kurwa akizidi kubadilika mashine itaacha kuwafananisha. Katika picha moja nyuma ya Kurwa kulikuwa na kibao cha duka, na Doto aliweza kusoma nusu ya neno. Alikuwa anangoja apate nusu ya pili aujue mji, apande gari aende. Nilimuuliza akifika atamwambia nini. "Kwamba nilisema uongo," akajibu. "Sikuzaliwa peke yangu. Basi, hilo tu."

Akaniagiza shati. Vipimo vyangu, alisema, ila kiuno punguza inchi mbili, na kola itie bitana nzito, na ndani yake mshono wa uzi mwekundu. Nilishona vizuri kuliko nilivyowahi kumshonea mtu anayelipa. Alilifua, akalitia wanga, akalipiga pasi, akalitundika kwenye msumari juu ya meza yake. Kila asubuhi alilifuta vumbi. Wateja wawili watatu waliobaki walidhani linauzwa.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Doto alikwenda langoni akarudi upesi mno. Akasimama mbele ya cherehani yangu akasema, "Nimepita."

Mjinga mimi, nikapiga makofi. Nikamwambia hongera, shukuru, mateso yamekwisha. Aliniangalia mpaka mikono yangu ikashuka yenyewe. Alikuwa amepita, akazunguka kwa uchochoroni, akapita tena, mara nne, na mara zote taa ilikuwa ya kijani. Mlinzi aliyekwisha kumzoea alimwambia leo huna kesi mzee, nenda kapumzike.

Kesho yake akaniomba nimsindikize kwenye ofisi inayoweka majina ya wanaotafutwa. Niliifunika mashine. Tulikaa kwenye benchi na namba zetu mpaka saa sita ikapita. Karani alikuwa mwanamke wa makamo, nyuma ya kioo, mpole, sitamsingizia. Alibonyeza, akasoma, akasema jina hilo limeondolewa kwenye orodha ya wanaotafutwa.

Doto akauliza kwa nini limeondolewa. Karani akasema mtu huondolewa kwa mambo mawili, ama amepatikana, ama hatafutiki tena. Doto akauliza hapa ni lipi kati ya hayo. Akajibiwa kwamba hilo huambiwa familia peke yake.

"Mimi ni pacha wake," Doto akasema.

Karani akabonyeza tena. Kisha akatugeuzia skrini, na safari hii hapakuwa na sura ya Kurwa, ilikuwa karatasi. "Hapa ulisema humjui, na kwamba huna ndugu. Sahihi hii ni yako?"

Ilikuwa yake. Nikaingilia, maana mimi kunyamaza sijui. Nikamwambia dada yangu, hawa nawajua, mama yao tumemzika pamoja. Akanisikiliza, akasema alete cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja. Vyeti gani? Walizaliwa nyumbani, mikononi mwa nyanya yao, na watu walioshuhudia wamekwisha wote. Maji yakishamwagika hayazoleki, na yale yalimwagwa mara mbili, mara ya kwanza mbele ya waombolezaji, mara ya pili kwa kalamu.

Doto alivua kofia. Akausogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Miaka miwili mmenikamata kwa sura hii."

Nilimwona karani akisikitika, nasema kweli. "Mzee wangu," akasema taratibu, "sura peke yake si ushahidi." Halafu akaita namba iliyofuata.

Tulipofika barazani Doto alilishusha lile shati kwenye msumari, akaingia ndani, akatoka amelivaa. Lilimbana kiunoni, nilikuwa nimelipunguza kama alivyotaka. Alifunga vifungo vyote mpaka cha kooni akaniambia anakwenda langoni. Nikamwambia tunakwenda wote.

Safari hii sikukaza mwendo. Nilimshika mkono mtaa mzima, na aliyetaka kututazama alitutazama. Langoni Doto akasimama kwenye alama ya miguu iliyochorwa chini, akainua kidevu na ndevu zake za mvi. Kijani. Hakusogea. Akafungua kifungo cha kooni, akaigeuza kola nje ndani, akaielekeza kwenye ile kamera ya usawa wa macho ili uzi mwekundu uonekane.

"Huyu ni Kurwa," akasema. "Nikamateni."

Mlinzi akatazama chini. Taa ilibaki kijani, na nyuma yetu watu walikuwa wanangoja na mizigo yao, ikabidi tupite.