Maji Kifuani mwa Punda Meneja

Sikuzani wa Ng'ambo, mjini Tabora, hajawahi kukubali jambo kwa sababu tu watu wamelikubali. Akiwa darasa la tatu aliifungua redio ya baba yake amwone huyo anayesoma habari. Alichapwa, na machozi yakiwa bado mashavuni akauliza betri huwa zinaishaje. Akamaliza la saba, akaolewa, akafiwa, na mwaka wa kumi na tisa huu anawapelekea mama lishe maji kwa mkokoteni wa punda.

Punda wake wa sasa alimnunua mnadani Igunga. Akampa jina la Meneja, kwa kuwa alimkuta kasimama pembeni anatazama wenzake wakipakiwa, utadhani ndiye aliyewatuma.

Siku ya tano tangu afike Ng'ambo, Meneja akasusa pumba. Siku ya sita alisimama ametanua miguu ya mbele, viwiko nje, pua zinachezacheza, mbavu zinapanda na kushuka mbiombio. Kulala hataki. Ukimgusa ubavuni anaguna kama mzee anayeinuka kitini.

Jirani yake Nassibu, fundi wa mikokoteni, akaja na chuma chake kimeiva jekundu kwa moto.

"Kichomi hicho, Bi Siku. Alama tatu kila ubavu, kesho anavuta."

"Hicho chuma kinakwenda kufanya nini humo ndani?"

"Kinatoa ugonjwa."

"Unatokea wapi? Nionyeshe mlango wake."

"Mwanamke wewe! Babu zangu wamekuja na misafara toka Manyema mpaka hapa. Punda wanawajua."

"Babu zako walibeba pembe za ndovu mabegani, mtani. Punda ndio waliowajua wao. Rudisha chuma chako jikoni."

Mdomo ulikuwa mkali, lakini moyoni alikuwa na hofu. Meneja akifa, yeye anarudi kwenye ndoo za kichwani, na shingo yake hiyo haiwezi tena. Na je, kama chuma kweli ndiyo dawa, naye kakifukuza kwa ubishi? Akampigia simu Dafrosa, daktari wa mifugo, binti mwembamba anayepita mitaani na pikipiki.

"Shikamoo mama," alisema Dafrosa akishuka kwenye pikipiki.

"Marahaba. Mimi mzima, msalimie huyo."

Dafrosa akapima joto: homa kali. Akavaa stetoskopu masikioni, akasikiliza ubavu kuanzia juu akishuka. Juu alisikia hewa inakwaruza. Chini, kimya, kama hakuna kitu. Kisha akaweka kidole kimoja juu ya mbavu na kukigonga kwa kingine, pole pole, akiteremka. Juu palilia kama ngoma. Alipofika katikati, mlio ukafa.

Sikuzani akaruka. "Eh! Mimi pipa langu nalijua hivyo hivyo! Nikigonga, najua maji yameishia wapi!"

"Basi umeshajua ugonjwa," alisema Dafrosa. Akachora mstari wa chaki pale mlio ulipofia, akazunguka upande wa pili, akagonga, akachora tena. Mistari ilikuwa sawasawa. "Ni maji, mama. Yako nje ya mapafu, kati ya mapafu na mbavu. Mapafu yanakosa nafasi ya kutanuka."

"Yamepita wapi? Anakunywa kwa mdomo kama sisi."

"Siyo ya kunywa. Mwili wenyewe umeyamwaga. Moyo ukichoka yanaweza kujaa, hata jeraha la kifua, hata uvimbe. Ila homa hii inanielekeza kwenye mapafu: yakiugua, ugonjwa hufika kwenye ule utando unaoyafunika. Alisafiri vipi kuja huku?"

"Kwa lori. Alikuja vizuri tu."

Nassibu, aliyerudi kutazama na aliyemwona punda akishushwa lorini, akakohoa kwa makusudi. Sikuzani akamtupia jicho, kisha akaangalia ile mistari ya chaki. Hakuwa mtu wa kumficha daktari kitu ambacho yeye mwenyewe angekiuliza.

"Nilimfunga kichwa juu," alisema. "Lorini mlikuwa na mahindi ya watu. Kila anayepakia punda na mzigo humfunga hivyo, asile cha wenyewe. Dereva alisema kamba moja inatosha, mimi nikaongeza ya pili. Tukaharibikiwa Nzega mpaka kesho yake, na sikumlegeza hata kidogo. Maji nilimnyanyulia ndoo mpaka mdomoni, nikajiona namdekeza."

"Hapo ndipo penyewe. Punda husafisha kifua kwa kuinama: vumbi na makohozi vinateremka vinatoka puani. Ukimfunga juu siku nzima na usiku wake, uchafu na vijidudu vinashuka mapafuni."

Sikuzani akamtazama Meneja. Punda wangapi amewaona wamesimama hivyo malorini, vichwa juu kama wanasubiri wimbo wa taifa, na hajawahi kuuliza!

Dafrosa akanyoa manyoya sehemu ya chini ya kifua, akapaka dawa, akatia ganzi, akatoa sindano ndefu.

"Mimi mmenifukuza na chuma cha juu juu," Nassibu akalalamika, "huyu anatoboa kabisa!"

"Huyu kaniambia anatoboa wapi na kwa nini. Shika mkia huo, acha kelele."

Sikuzani mwenyewe akakumbatia kichwa cha Meneja. Sindano ikapenya kati ya mbavu, na yakatoka maji ya njano, mazito kidogo, yenye ukungu. Dafrosa akayanusa. Hayakuwa na uvundo, na uso wake ukalegea. Kichupa cha kwanza akakifunga kwa ajili ya maabara, wakatambue ni vijidudu gani na dawa gani inaviua. Mengine yakachuruzika kwa mpira, taratibu, mpaka zikatimia lita saba. Kabla hata hayajaisha, Meneja alivuta pumzi moja ndefu, ya kwanza kwa siku mbili, akainamisha kichwa mpaka chini.

Sindano za dawa ziliendelea kwa wiki tatu, zikabadilishwa mara moja majibu ya maabara yalipokuja. Homa ikashuka, pumba zikaliwa. Lakini mkokoteni, Dafrosa alisema, asiuguse kwa miezi miwili.

Ndiyo maana asubuhi moja mama lishe Batuli alimwona Sikuzani anausukuma mkokoteni kwa kifua chake mwenyewe, mapipa mawili tu badala ya manne, jasho linamtiririka.

"Makubwa! Leo punda ni wewe, dada?"

"Nakaimu," alijibu Sikuzani akihema. "Meneja yuko likizo ya ugonjwa. Lete ndoo zako."