Walipokuja Kuchukua Sufuria Yangu

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Yesu. Kama mmekuja kusikia maneno laini, mmekosea nyumba. Nitaanza na jinsi nilivyowadharau.

Mimi ni mjane, nalima tangawizi huku juu. Ukisimama shambani kwangu unaona mashamba ya mpunga ya Ndungu kule chini. Wanangu wote wako mbali. Kila Jumatatu jioni mlipokusanyika jumuiya, nyumba kwa nyumba, mimi nilifunga mlango nikawasha redio. Nilisema, hawa wanaimba wimbo mmoja kwa tuni tatu, wakimaliza wanasengenyana. Na kweli mnasengenya, hilo sijalifuta. Mama Naetwe, mwenyekiti wetu, huyu aliyekaa hapa mbele, nilimwita kengele, maana sauti yake hufika kabla yake. Nilijiona nasali vizuri kuliko ninyi nyote, peke yangu, bila kelele.

Kikohozi kilianza wakati wa kupanda. Nikacheka. Mkulima wa tangawizi atatishwaje na kikohozi? Nikaiponda, nikaichemsha, nikanywa mpaka tumbo likawaka moto. Mwezi ukapita, na wa pili. Homa ilinishika kila jioni. Nikiamka, shuka limelowa jasho. Sketi zikaanza kunivuka, nikazifunga kwa kamba. Asubuhi moja nikatema makohozi yenye damu kwenye kikombe cha bati. Sasa sikilizeni akili za mwanamke aliyewaona ninyi wajinga. Nilimwaga ile damu, nikaosha kikombe, nikakinywea chai. Nilikuwa tayari kufa, ilimradi ninyi msijue.

Kisha likapigwa baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, lilikuwa limejaa tope. Mnajua desturi yetu: asiyetokea kazini bila taarifa, watu wanakwenda kwake kuchukua chombo, na hakirudi mpaka aje achimbe siku yake. Sikuwahi kukosa msaragambo. Nilijivunia hilo, ingawa nilichimba kutwa nzima bila kusema na mtu. Siku ile nilibeba jembe nikafika mlangoni, miguu ikakataa. Nikakaa, nikakohoa, nikalala palepale sakafuni.

Mchana wakaja wanaume wawili, Mama Naetwe mbele. Sufuria yangu kubwa ya makande ilikuwa bado juu ya mafiga, moto umeshazimika.

"Hodi, Mama Joyce. Tumekuja kuchukua chombo." Halafu akaniona. Akakiona na kikombe, kina damu mbichi. "Unatema damu tangu lini?"

"Chukueni sufuria mwende zenu," nikasema.

"Sufuria tutachukua. Na wewe tutakuchukua."

Nikabebwa kwenye blanketi mpaka barabarani, nikapakiwa gari la mzigo, nikafikishwa hospitali kule Same, Mama Naetwe kando yangu. Wakapima makohozi. Daktari alikuwa kijana wa umri wa mwanangu.

"Shikamoo, mama. Hiki ni kifua kikuu, kinatibika. Utameza dawa miezi sita, kila siku, bila kuruka. Nani atakuwa anakuangalia ukimeza?"

 Mtu mzima mwenye shamba na redio, sikuwa na jina hata moja la kumtajia. Nilitamani sakafu ipasuke.

"Mimi," akasema kengele. "Mimi na jumuiya."

Wakaja kila asubuhi, kwa zamu. Wakafungua madirisha niliyoyafunga miaka mingi. Uji walipika kwa Mama Naetwe, kwenye sufuria yangu ileile, wakaja nayo, wakanimiminia, wakaondoka nayo. Sheria ni sheria. Dawa zilinitapisha, mkojo ukawa mwekundu, viungo vikauma. Wao wakakaa tu, wakanisimulia habari za watu ambao sikuuliza habari zao.

Mwezi wa pili nikapata nguvu, na ujinga ukarudi. Nikaona nimepona. Nikawa naficha vidonge shavuni, wakigeuka natemea kwenye majivu. Siku tatu hivi. Siku ya nne Mama Naetwe alichochea moto, akavikuta. Safari hii hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mume wangu aliacha dawa mwezi wa pili," akasema. "Ugonjwa huuhuu."

Nilikwenda kwenye mazishi yale. Nilikaa nyuma, nikaondoka kabla ya chakula. Jirani yangu miaka yote ile, na sikuwahi kumuuliza mumewe alikufa kwa nini. Huyo ndiye mimi niliyesali vizuri kuliko wote.

Nikameza mbele yake. Nikamwonyesha ulimi. Halafu nikamwambia, "Jumatatu jumuiya ije kwangu."

Mkaja. Mkaimba kwa tuni tatu, na mimi nikaongeza ya nne, kwa pafu bovu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Miaka mingi nilikuwa nasikia furaha hiyo kupitia ukutani, na nikaongeza sauti ya redio.

Miezi sita ilipotimia, makohozi yalikuwa safi. Nashukuru Mungu, nashukuru yule daktari kijana. Msaragambo uliofuata nilishuka ndiva na jembe langu, nikachimba siku niliyodaiwa, tope magotini, nikipiga soga na kila aliyenikaribia. Jioni Mama Naetwe akanikabidhi sufuria. Chini ilikuwa nyeusi tititi kwa moto wa uji wangu. Nililia palepale, watu wote wakiniona.

Basi, wewe uliyejifungia unakohoa, nenda ukapimwe, na dawa umalize. Na wewe unayesema Mungu wako yuko chumbani kwako, nakujua, nilikuwa wewe, na sikuwa mtu wa maana. Jumatatu ijayo jumuiya ni kwangu. Makande yatapikwa kwenye sufuria hiyohiyo. Usipotokea, nakuja kuchukua chombo.