Uji Kwenye Mguu wa Sanamu

Mwaka 2017 nilikuwa na meza ya kutengeneza vinyago katika mtaa wa Troyeville, kusini kabisa mwa bara letu, na sina sababu ya kujishusha: kuanzia pale hadi Marshalltown, kinyago kikivunjika kililetwa kwangu. Kazi nilijifunza Dar es Salaam, kwa mafundi wa mpingo, na sheria yao ilikuwa moja tu. Kazi haitoki mezani ikiwa chafu.

Ijumaa moja asubuhi alikuja mfanyabiashara kutoka nchi ya Mali, wa kabila la Wadogoni, aliyeokota Kiswahili miaka aliyokaa Lubumbashi. Aliniletea sanamu ya kwao: mtu mwembamba wa mbao aliyeinua mikono, mmoja umekatika. Haikuwa ya kuuza. Aliniomba niunge mkono huo tu, akaenda zake Fordsburg kuswali.

Sanamu ilikuwa na ukoko wa kijivu mwili mzima. Niliona haya kwa niaba yake, mtu nadhifu vile. Nikachemsha maji, nikachukua sabuni na brashi, nikaanza na mguu wa kulia. Ulitakata mpaka nikajipongeza, ingawa maji yalinuka nafaka iliyochacha, na kitu kama damu.

Aliporudi alinikuta naukausha. Alikaa chini bila kukaribishwa.

"Fundi, ile haikuwa uchafu," alisema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, ambacho kumwaga ni kumwanga. "Ni uji ya mawele na damu ya kuku. Kwetu tunamwangiaka sanamu tukiomba kitu. Ile ya mguu huu, mama alimwanga siku nilitoka nyumbani."

Niliogopa, nami si mwoga. Maji yenyewe nilishayamwaga barabarani. Nikamwambia yote, kisha nikamwomba ampigie mama yake simu pale pale, nijue hukumu yangu.

Walizungumza lugha yao. Mama aliuliza jambo fupi, yeye akajibu kwa neno moja, kisha akasikiliza kwa muda mrefu. Alipokata simu alikuwa anafuta macho.

"Ameuliza kama nilifika salama. Nikamwambia nilifika. Anasema basi, ile uji ilishamaliza kazi yake."

Nilicheka kwa nguvu, kwa jinsi nilivyofarijika, nikanyoosha mkono kuichukua sanamu. Akanizuia.

"Lakini mguu wa kushoto usiguse, fundi. Ule alimwangia nirudi nyumbani."

Mkono niliuunga siku hiyo hiyo kwa kigingi na gundi, na kila dakika nilijifuta jasho usoni lisije likadondokea mguu ule.